Tanzanaiti haikutoka kwenye volkano

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Arusha mbele ya madalali wa madini, wachimbaji wadogo na vijana wa chuo. Kuna waliokosa nafasi ya kuja wakaomba niiandike, basi nimeiandika karibu vile vile ilivyotoka mdomoni, maswali ya mwisho tu ndo nimeyapunguza.

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie vijana mambo zenu. Asanteni sana kwa kuja siku ya Jumamosi, najua kwa dalali Jumamosi sio siku ya kukaa kwenye kiti kumsikiliza mtu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kuna kitu nakisikia kila nikikaa na watu wa madini, iwe Arusha, iwe Moshi, iwe kule kule Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, getini. Mtu anamuuzia mgeni jiwe la tanzanaiti, lile la bluu, mgeni anauliza hili jiwe limetokana na nini, na jibu huwa ni lile lile, volkano. Jamaa ananyoosha kidole kwenye mlima Meru, si unauona ule, basi moto wa ule ndo ulipika tanzanaiti. Meru ikifunikwa na mawingu anaonyesha upande wa Kilimanjaro. Mgeni anaandika kwenye simu yake, anaenda kwao anawasimulia wenzake, na uongo unasafiri. Ndugu zangu, sio kweli, na sio kwamba ni kakosa kadogo ka kupuuza, kwa sababu ukiamini jiwe limetoka volkano utaenda kulitafuta kwenye volkano, utachimba mpaka uzeeke na hautapata kitu.

Tuanze na umri. Mlima Kilimanjaro ulianza kutoa moto kama miaka milioni 2 na nusu iliyopita, kwanza Shira, alafu Mawenzi, alafu Kibo hii tunayoiona na theluji yake, mita 5,895. Meru nao kwa hesabu za miamba ni wa juzi tu, mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, yaani humu ndani kuna ambao babu zao waliyaona. Sasa tanzanaiti ilipopimwa umri ikatoka karibu miaka milioni 585. Piga hesabu mwenyewe, Kilimanjaro unaanza kuunguruma tanzanaiti imeshakaa ardhini zaidi ya miaka milioni 580, imetulia zake. Wakati inazaliwa hapakuwa na nyasi, hapakuwa na mti, hapakuwa na mnyama hata mmoja anayetembea nchi kavu, na bara la Afrika lenyewe lilikuwa bado linaungwa vipande vipande.

Shuleni tulifundishwa miamba iko makundi matatu. Miamba moto, hiyo ndo ya Meru na Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai, uji wa moto umetoka chini umepoa ukawa jiwe. Miamba tabaka, hapo ni mchanga na tope na vitu vilivyotulia chini ya maji vikagandamana, fosfeti ya Minjingu mnayoweka mashambani iko huku, ilitulia kwenye ziwa la zamani. Na kundi la tatu ni miamba geu, wanafunzi mnaijua kama metamofiki. Mwalimu akifika hapo kipindi kinakuwa kimeisha, anaandika ubaoni chokaa huwa marumaru, anafuta mikono chaki, anaondoka. Na hilo kundi la tatu ndo linalolisha watu wengi waliokaa kwenye ukumbi huu. Inaniuma kidogo kwa kweli.

Mwamba geu ni mwamba ambao mwanzo ulikuwa kitu kingine, ukapata joto au mgandamizo ambao haukuuzoea, ukabadilika ukiwa bado mgumu. Hapo kwenye kubadilika ukiwa bado mgumu naomba tukae, maana ndo penyewe. Haukuyeyuka. Ungeyeyuka ungekuwa mwamba moto. Nani hajaona tanuri la matofali ya kuchoma? Unapanga matofali mabichi ya udongo, unawasha kuni, unachoma usiku kucha, unafungua unakuta tofali jekundu ukiligonga linalia. Udongo haukuyeyuka, umbo ni lile lile, hata alama ya kidole cha aliyefyatua unaiona, lakini ndani vitu vimeshabadilika kabisa na ukilitumbukiza kwenye maji halirudi tena kuwa tope. Mwamba nao ndo hivyo ila kule chini kuna na presha juu yake, na muda sio usiku mmoja, ni mamilioni ya miaka, kwa hiyo chembe zinapata nafasi ya kujipanga upya, kristali za zamani zinavunjika na mpya zinakua mahali pale pale bila jiwe kuwa uji hata dakika moja.

Kuna Mskochi mmoja aliitwa James Hall, mwanzoni mwa miaka ya 1800 alitaka kulithibitisha hili kwa mikono yake. Mnajua jiwe la chokaa ukilichoma hewani linatoa gesi linabaki chokaa ya kupaka ukutani, ndo kazi ya tanuri la chokaa. Sasa watu wakamwambia, kama joto la chini ya ardhi ndo linageuza jiwe la chokaa kuwa marumaru, mbona tukilichoma sisi linakuwa unga? Hall akachukua unga wa jiwe la chokaa akaujaza kwenye mtutu wa bunduki, akaziba pande zote, akautia kwenye moto mkali. Mitutu mingine ilipasuka. Iliyostahimili alipoifungua akakuta kitu kigumu chenye chembe za kumeremeta, kinafanana na marumaru. Gesi ilikosa pa kutokea, basi chokaa haikuwa unga, ikajipanga upya. Joto lile lile, presha ikawepo matokeo yakawa mengine. Mimi naona lile ni moja ya majaribio mazuri sana kuwahi kufanywa kwenye elimu ya mawe na lilifanywa na bunduki.

Kwa hiyo vitu vinavyogeuza mwamba ni hivi. Joto kwanza, kwa wastani ukishuka chini kila kilomita moja joto linapanda nyuzi 25 mpaka 30, nyie mnaoshuka mashimo ya Mererani hamhitaji kuambiwa na mtu. Kuanzia kama nyuzi 200 mwamba unaanza kubadilika taratibu, ukifika 650 au 700 na kama kuna maji ndani yake baadhi ya sehemu zinaanza kuyeyuka, hapo sasa unakaribia kuhama kundi. Cha pili presha. Presha ipo inayobana kutoka kila upande kwa sababu ya uzito wa miamba iliyo juu, na ipo inayosukuma upande mmoja zaidi kwa sababu mabara yanasukumana, na hii ya upande mmoja ndo inayolaza chembe zikawa tabaka tabaka, tutaiona sasa hivi. Cha tatu watu wengi wanakisahau, majimaji ya moto. Maji yanapita kwenye nyufa na kati ya chembe, yanabeba kalisiamu yanabeba silika, ile iliyo kwenye mchanga, yanatoa huku yanaweka kule. Mwamba mkavu unaweza kukaa kwenye joto miaka na miaka ukabadilika kidogo sana, ukiingiza maji kazi inaenda mbio.

Sasa tuje Mererani kwenyewe. Pale pote palikuwa bahari. Chini ya ile bahari palikuwa na tope jeusi, limejaa mabaki ya viumbe vidogo vidogo vya majini, hivyo unavyoweza kuona kwa hadubini tu, na tope la namna hiyo lina tabia ya kukamata madini ya vanadi kutoka kwenye maji. Kati ya tope na tope palikuwa na tabaka za chokaa na mchanga. Alafu vipande viwili vikubwa vya nchi vikaanza kusogeleana, bahari ikafungwa, nchi zikagongana, ikainuka milima mikubwa ambayo leo haipo tena, imeshaliwa na mvua na upepo imebaki mizizi yake tu. Mizizi hiyo inaitwa mkanda wa Msumbiji, unapita toka Msumbiji, unakuja Tanzania, unaingia Kenya, unaenda mpaka Ethiopia huko. Ile chini ya bahari ya Mererani ikashindiliwa zaidi ya kilomita ishirini ndani. Tope jeusi likawa neisi yenye kinywe, chokaa ikawa marumaru, mchanga ukawa kwazaiti.

Nina kipande hapa, naomba kipitishwe mkono kwa mkono kuanzia mstari wa mbele. Hii ndo neisi ya kinywe, wengi wenu mnaikanyaga kila siku na mnaitupa kwenye kifusi. Mkiishika angalieni vidole, vinakuwa vyeusi vinateleza, hicho ndo kinywe, kitu kile kile kilicho ndani ya penseli, ukikisugua kwenye karatasi kinaandika. Na hicho kinywe ni wale viumbe wa baharini, kaboni yao. Geuzeni ubavuni, mnaona vile vistari vyeupe vyembamba? Hayo ni madini ya kwazi na felspa. Vimelala upande mmoja vyote, vinafuata mawimbi mawimbi, pale presha ilisukuma ndo mwamba ukalala hivyo. Na kwenye kona moja kuna kadoa ka rangi ya chungwa kadogo mno, hako ni kagarneti, hakana soko, lakini kenyewe kanatuambia mwamba huu uliwahi kupata joto kubwa.

Tanzanaiti ni aina ya madini yanayoitwa zoisaiti, na zoisaiti inataka kalisiamu, inataka alumini, inataka silika na maji. Kalisiamu ipo jirani kwenye marumaru, alumini na silika zipo kwenye tope la zamani, maji yanazunguka kwenye nyufa. Bado rangi. Rangi ya bluu imetoka kwenye vanadi, ile ile ambayo tope la bahari liliikamata kabla hata milima haijainuka. Vanadi hiyo hiyo ndo inayopaka kijani garneti ya kijani, wengine mnaiita tsavoraiti, ila garneti ya kijani ilitangulia kukua wakati joto liko juu, tanzanaiti ikaja baadaye miamba ilipokuwa inapandishwa juu na kupoa, majimaji ya moto yakapita tena. Ndo maana shimo moja linaweza kukupa vyote viwili.

Na hapa wachimbaji mnisikilize vizuri kwa sababu hili liko mfukoni mwenu moja kwa moja. Kwanini mgodi unakaa kimya miezi alafu siku moja unatema? Mwamba ulipokuwa unavutwa na kukunjwa, tabaka gumu lilikatika vipande vipande, tabaka laini likanyooka na kujipinda pembeni, na pale tabaka gumu lilipokatika, na pale kwenye kona ya mkunjo, pakabaki uwazi. Majimaji yalijaa kwenye uwazi huo, kristali zikapata pa kukulia bila kubanwa. Kwa hiyo mawe hayajasambaa sawasawa kwenye mkanda mzima, yako kwenye vifuko, na vifuko vinafuata mkunjo. Anayejua kusoma mkunjo wa tabaka hachimbi kwa bahati peke yake. Bahati ipo, mwaka 2020 mzee Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliuza mawe mawili makubwa, moja lilizidi kilo tisa, nchi nzima tukashangilia, lakini hata yale mawe yalikaa pale kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kukulia.

Historia ya kupatikana kwa tanzanaiti mnaijua, 1967, mzee Jumanne Ngoma ambaye serikali ilimtambua rasmi kuwa mgunduzi wake 2018 akiwa hai bado, nashukuru Mungu alilishuhudia hilo, mwaka uliofuata akafariki. Jina la biashara wakaliweka Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, mwaka 1968. Tusonge mbele.

Kupanga hii miamba kwenye makundi. Vijana wa chuo nawaona mmetoa madaftari, wekeni chini kwanza, chukueni jiwe. Unapokutana na mwamba geu swali la kwanza ni la macho tu, je, umelala tabaka tabaka au haujalala? Kama umelala, basi uliza umepikwa kiasi gani. Chukua tope la kawaida la baharini au la ziwani. Likipikwa kidogo linakuwa sleti, jiwe gumu, chembe hauzioni kwa macho, linapasuka bapa bapa, zamani watoto waliandikia. Ukiongeza joto linakuwa filaiti, bado chembe hazionekani ila ukiligeuza juani lina mng'ao wa hariri. Ongeza tena linakuwa shisti, hapa ulanga, yale madini ya vijani vyembamba, unauona waziwazi unameta, ukikwangua kwa ukucha vinabanduka vijani vya ulanga, na garneti nyekundu zinaanza kuchomoza. Ongeza zaidi ulanga unapungua, weusi na weupe vinajitenga vinakuwa mistari mipana, hiyo ndo neisi. Ukiongeza hata baada ya hapo ile mistari myeupe inaanza kuyeyuka na kujikunja, wanaita migmataiti, nusu mwamba geu nusu mwamba moto, mimi naupenda huo mwamba kuliko yote, ukiutazama unaona kabisa ulikuwa unapigana usiyeyuke.

Unaona hapo ni tope lile lile moja limepita majina matano kutegemea limeshuka wapi.

Kama haujalala tabaka, mara nyingi ni kwa sababu umetengenezwa na madini ya aina moja tu ambayo hayana umbo la kulala. Marumaru ni chokaa iliyopikwa, kwazaiti ni mchanga uliopikwa. Na hapa watu wanapigwa sana kwenye biashara ya mawe ya kujengea, mtu anauziwa hili kwa jina la lile. Chukua kisu. Marumaru inakwanguka kwa kisu, kwazaiti haikwanguki, yenyewe ndo inakwangua kisu na kioo pia. Ukitaka uhakika kwangua unga kidogo wa jiwe udondoshee siki, ukitoa vipovu basi ni marumaru, kwazaiti haitafanya chochote. Hiyo siki iko jikoni kwa kila mtu hapa, hauhitaji maabara.

Swali la pili, ulikuwa nini kabla? Neisi mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ilikuwa tope la bahari nyingine ilikuwa granaiti. Kwa mtafuta madini hiyo tofauti ni kubwa sana, neisi iliyotokana na granaiti haina ile vanadi ya tope jeusi wala haina kinywe, unaweza kuichimba mpaka kiama.

Swali la tatu ndo tamu, lilifika joto gani na kina gani? Jiwe halina kipimajoto lakini lina madini, na kila madini yana joto lake na presha yake inayoyapendeza. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba George Barrow alikuwa anatembea milima ya Scotland anachora ramani, akagundua kwamba ukitembea upande mmoja madini mapya yanatokea kwa mpangilio, kwanza kloraiti, alafu ulanga mweusi, alafu garneti, alafu stauroliti, alafu kayanaiti, mwisho silimanaiti. Miamba yote asili yake tope, lakini alikuwa anatembea kutoka palipopikwa kidogo kwenda palipopikwa sana. Garneti ya kwanza unapoiona unaweka alama kwenye ramani, hapa ndo garneti inaanzia. Yule mtu alipima joto la mamilioni ya miaka iliyopita kwa miguu yake.

Kayanaiti na silimanaiti zina ndugu yao wa tatu, andalusaiti. Hizi tatu ukizipeleka maabara zimeundwa na vitu vile vile kwa kiasi kile kile, alumini na silika na oksijeni, hakuna tofauti hata kidogo. Tofauti ni jinsi zilivyojipanga. Kayanaiti ya bluu inapenda presha kubwa, silimanaiti inapenda joto kubwa, andalusaiti inapenda presha ndogo. Kwa hiyo ukiokota kayanaiti umeokota ushahidi kwamba mwamba huo ulikuwa chini sana. Ukiikuta kayanaiti inaanza kugeuka silimanaiti pembeni unajua joto lilikuwa linapanda wakati mwamba uko humo. Jamani, kajiwe kadogo kanakupa safari nzima.

Baadaye 1915 Pentti Eskola wa Ufini akaenda hatua nyingine, akasema tusiangalie madini ya aina moja moja, tuangalie kundi zima la madini yanayokaa pamoja, kila kundi ni anwani ya joto na presha. Huo mpango ndo unatumika dunia nzima mpaka leo, kuna kundi la shisti ya kijani la joto dogo, kundi la amfibolaiti la joto la kati, kundi la granulaiti la joto kali kabisa, na kuna yale ya presha kubwa joto dogo ambayo yanatokea pale sakafu ya bahari inapozama chini ya bara. Hayo ya mwisho sitayachambua leo ila mjue kwamba Tanzania tunayo eklojaiti, mwamba geu wa presha kubwa, ya zamani sana, iko kwenye mkanda wa Usagara, ina miaka kama bilioni 2, ni moja ya eklojaiti za zamani zaidi zinazojulikana duniani za aina yake. Wanasayansi wanatoka mbali kuja kuiona na sisi hatuna habari nayo.

Tuwe wa haki kwa volkano lakini. Uji wa moto ukipenya kwenye mwamba unachoma mwamba ulio jirani, unaugeuza kweli, unapata mwamba mgumu wa chembe ndogo unaitwa honfelsi. Victor Goldschmidt aliandika kazi kubwa kuhusu hilo mwaka 1911 kule karibu na Oslo. Ila mgeuko huo ni wa eneo dogo, pembezoni mwa ule uji tu, presha haihusiki sana, na mwamba mara nyingi haulali tabaka. Mgeuko uliotengeneza Mererani, na rubi nyekundu iliyokaa ndani ya zoisaiti ya kijani kule Mundarara, Longido, ni ule wa mabara kugongana, unachukua nchi kwa nchi.

Kama hamniamini, mkipanda basi kwenda Dar siku moja acheni simu muangalie nje. Toka Arusha mpaka Moshi mawe yote ya pembeni, kuta za nyumba, moramu ya barabarani, ni nyeusi au kijivu, yana vitundu vitundu, ni vitu vya Meru na Kilimanjaro. Mkipita Mwanga mkaanza kuuona Upare kushoto kwenu, angalieni miamba ilivyo. Hakuna vitundu. Ina mistari. Milima ya Upare na Usambara ni mizizi ya ile milima ya zamani, ni granulaiti na neisi, umri wake ni wa kina tanzanaiti. Kwa saa chache mmetoka kwenye miamba ya juzi mmeingia kwenye miamba ya miaka milioni 600 na nauli ni ile ile.

Baada ya hapo watu wakauliza maswali, nitayaweka machache.

Kijana mmoja wa kukata mawe akauliza, sisi tunachukua tanzanaiti ya kahawia tunaiweka kwenye tanuri inatoka bluu, je, na sisi tunafanya mwamba geu? Swali zuri sana. Mnapeleka joto mpaka kama nyuzi 500 hivi na zaidi, kristali inabaki zoisaiti ile ile, haikupangika upya, kilichobadilika ni hali ya vanadi na namna inavyokula mwanga. Kwa hiyo hapana, sio kugeuza mwamba, ila ni joto lile lile la familia yake. Na ndo maana baadhi ya tanzanaiti zinatoka ardhini zikiwa bluu tayari, ardhi ilizichoma yenyewe. Chomeni taratibu tu, ikiwa na ufa ndani itawapasukia.

Mama mmoja mchekechaji akauliza, hayo mawe meusi ya kinywe tunayoyatupa hayana faida yoyote? Mama yangu, kinywe ni madini yenye soko, kinatumika kwenye betri za magari ya umeme, Mahenge kule Morogoro kipo kingi sana, na hata Mererani miaka ya 1990 kulikuwa na mgodi wa kinywe. Kwa kifusi cha mtu mmoja mmoja sidhani kama kuna hela, inataka mtambo wa kukitenganisha. Ila wewe kama mchekechaji, kifusi kilichotoka kwenye mwamba mweusi wenye kinywe ndo uanze nacho, cha mwamba mweupe mtupu kiache cha mwisho.

Na dada mmoja mwanafunzi akauliza la mwisho, kama mkanda wa Msumbiji ni mrefu hivyo, kwanini tanzanaiti iko Mererani peke yake? Mpaka leo tanzanaiti ya kibiashara ni Mererani tu, kweli. Neisi za kinywe ziko sehemu nyingi, ziko Kenya upande wa Tsavo, ziko Ruangwa kule Lindi, na garneti ya kijani imepatikana huko kote. Lakini kwa tanzanaiti ilibidi tope lenye vanadi likae jirani na chokaa, lizamishwe pamoja nayo, likunjwe mpaka pabaki uwazi, alafu wakati wa kupoa majimaji ya moto yapite tena yakute ule uwazi bado uko wazi. Kikikosekana kimoja unapata garneti, au unapata zoisaiti ya kijivu, au haupati kitu. Kwa hiyo dada yangu siku ukienda field, kwanza tafuta kinywe, alafu tafuta marumaru karibu yake, alafu fuata mkunjo, na ukikutana na zoisaiti ya rangi yoyote hata ile mbaya isiyo na mteja, usiitupe, andika umeitoa wapi na uniletee niione.